Jina Langu, Mara ya Pili

Sentensi ile niliifua kama shati la sare,
nikaianika wiki nzima, nikaipiga pasi:
"Naitwa Ndeanasia Makundi, nina stashahada,
nina ari, ninajituma, nafanya kazi na yeyote."
Niliisema mbele ya kioo cha kabati la dada,
nikaisema Kibosho, nikikata majani ya ng'ombe kihambani;
ng'ombe akatafuna. Hakunipinga, hakuniajiri.

"Mkono uwe mkavu," alinifunza shemeji Elirehema,
yeye anayeuza bima mjini.
"Ukamate, usiubonyeze kama unapima embe.
Mtazame mtu machoni. Tabasamu, ila usicheke."
Dada akaniazima blauzi, inabana kwapani.
Viatu nikavipata Memorial, elfu kumi na mbili,
kimoja kinalia, kimoja kimenyamaza.

Nikafika Moshi saa mbili kasorobo,
mlima bado umejifunika shuka.
Nikapita mnara wa saa nikilisema jina langu
mdomo umefungwa, kama mtu anayehesabu deni.

Chumba cha kuonjea: meza ya duara inayozunguka,
vikombe ishirini na vinne, ndoo ya kutemea,
watu watatu wenye aproni.
Mwenye peni hakuinua uso.
"Jina?"
"Naitwa Ndeanasia—"
"Anastazia," akaandika. "Karibu, Anastazia. Subiri pale."

Stashahada, ari, kujituma,
vyote vikashuka kooni bila kutafunwa.
Mkono wangu mkavu ukabaki hewani,
ukaishika blauzi, ukajifanya una kazi.

Sijui nilisimama muda gani.
Mama mmoja mwenye kilemba akanisukumia kijiko:
"Kama umekuja kuonja, onja."

Kwetu anayekunywa kwa kelele huchapwa.
Mtoto wa kike, mama alisema, hanywi kama bomba lililopasuka.
Humu walikuwa wakivuta kahawa, fyuuu,
kama kitenge kinachochanwa dukani,
wanatema, wanaandika namba, hawaombi radhi.

Nikainamia kikombe cha saba.
Nikavuta.
Mama anisamehe: sauti ile ilifika barabarani.

Na kwenye ulimi, kabla sijatafuta maneno,
nikaona kichanja, turubai lililokunjwa pembeni,
mvua ya vuli ikiingia usiku bila hodi,
na mtu aliyeamka, akasikiliza bati, akarudi kulala.

"Hii ilinyeshewa," nikasema.
"Si sana. Usiku mmoja.
Kesho yake wakaichanganya na iliyokauka,
ili isijulikane."

Kijiko cha mtu kiligonga ukingo wa kikombe.
"Umejuaje?" akauliza yule mama.

Ningesema nimesomea. Kweli nimesomea.
"Kwetu, mimi ndiye niliyerudi kulala," nikasema.
"Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Baba akauza kwa bei ya kutupa, na hakunisema.
Ladha hii naijua kama ninavyojua kikohozi chake."

Hilo shemeji hakunifunza.
Nani huenda kuomba kazi
akatanguliza kosa, elimu ikafuata nyuma?
Nilitaka kulirudisha. Lilikuwa limeshatemwa.

Mwenye peni akainua uso,
miwani imeteremka hadi nchani mwa pua.
Akapiga mstari juu ya neno moja.
"Jina lako," akasema, "hebu lirudie. Polepole."

Nikalirudia. Sikuongeza kitu.
Akaandika, akakosa herufi moja bado;
nikamwachia, ya kuanzia inatosha.

Kazi? Walisema watapiga simu.
Nikatoka, mlima umefunua bega moja tu,
kiatu kile kikaanza kulia tena lamini,
Nde-a, na-si-a, Nde-a, na-si-a,
mpaka stendi, watu wanageuka.
Nikawaacha wageuke.